Kesi ya Mizani Iliyozidisha

Hebu fumba macho kidogo. Ona kona ya mtaa, mahali barabara ya lami inapokutana na barabara ya vumbi. Kwenye kona hiyo lipo benchi refu la ubao, lenye miguu miwili tu ya magogo, na fundi aliyelitengeneza aliiweka miguu hiyo karibu na katikati, kwa hiyo watu wote wakihamia upande mmoja, upande wa pili unanyanyuka. Kushoto kwa benchi ameketi Shangazi, muuza kahawa, na birika lake jikoni. Kulia ipo meza ya Mama Mbegu. Juu ya meza kuna makopo ya mbegu za mchicha, vitunguu na karoti, na katikati ya makopo ipo mizani ndogo yenye vitanga viwili. Kitanga kimoja hubeba jiwe la gramu kumi. Kingine hubeba mbegu, na juu yake, kwa upana wa vidole viwili hivi, kimewekwa kwenye vijiti vyake vya mezani, bila kukigusa kitanga, kifuniko cha plastiki ngumu, angavu kama kioo. Mbegu za mchicha ni nyepesi mno. Mteja mwenye mafua akipiga chafya, zinavuka barabara. Kifuniko hicho ni kipya, kina majuma mawili, na mvua haijanyesha miezi miwili. Kila mteja akija, Mama Mbegu hukisugua kwa mkono uliokatwa wa sweta kuukuu la sufu mpaka king'ae, ili mteja aone mwenyewe anachopimiwa. Umekiona kifuniko? Umeuona na ule mkono wa sweta? Viweke akilini, tutavihitaji.

Asubuhi ile Mwenyekiti wa kikundi cha bustani, mwanamke mrefu asiyependa kurudia neno, alikuja na kipakiti cha mbegu akakiweka mezani kama polisi anayeweka ushahidi.

— Mama Mbegu, hizi uliniuzia gramu ngapi?

— Kumi, Bi Mwenyekiti.

— Nimepima nyumbani. Kumi na moja.

— Zimezidi?

— Zimezidi. Juma lililopita zilizidi pia. Ndiyo maana nimekuja.

Mama Mbegu hakujua aombe radhi au ashukuriwe. Akaomba radhi.

— Mimi si mtoto, akasema Mwenyekiti. Hakuna anayezidisha bure. Ama mbegu zako zimekufa na unataka kuzimaliza, ama mizani yako imepata wazimu. Leo saa tisa nakuja na mizani yangu ya jikoni. Zikitofautiana tena, kikundi kizima kinahamia kwa yule wa sokoni. Wanawake thelathini, dada yangu. Wote.

Akaondoka. Mama Mbegu akakaa juu ya kigoda chake kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. Sote benchini tulijua kwamba wanawake thelathini wale ndio meza yenyewe. Wakiondoka wao, kinachobaki ni makopo.

Tulikuwa wanne benchini. Alikuwepo Jaji, fundi viatu, aliyewahi kuitwa mahakamani mara moja kuwa shahidi, na tangu siku hiyo anahukumu kila kinachopita. Alikuwepo Injinia, fundi baiskeli. Alikuwepo Redio, mstaafu ambaye kila analolisikia hewani hulileta kijiweni likiwa nusu. Na nilikuwepo mimi, wanayeniita Mwalimu kwa sababu nimefundisha watoto wadogo kwa miaka mingi. Cheo hicho hakina uzito wowote benchini.

— Kesi ni nyepesi, akaanza Jaji, sindano yake ya viatu mkononi. Anayekupunguzia ni mwizi wa kawaida. Anayekuzidishia ni mwizi aliyesoma.

— Jaji! akasema Mama Mbegu. Mimi?

— Sikutaji wewe, mama. Nazungumzia sheria.

— Sheria gani? akauliza Shangazi. Mwenzio anakaribia kulia, unamletea sheria.

Injinia akainuka, akaizunguka mizani kama anavyozunguka baiskeli yenye pancha.

— Hii imechoka. Chuma kinachoka kama mtu. Baiskeli ikichoka sana inaanza kurudi nyuma.

— Baiskeli ya nani ilirudi nyuma?

— Yako, Redio. Pale mlimani.

— Pale mlimani breki zilikatika! Na ni wewe uliyezifunga!

— Zilichoka.

Redio akaachana naye, akashusha sauti kama msomaji wa habari.

— Mimi nilisikia kwenye kipindi kwamba dunia inazunguka kwa kasi ya ajabu. Kitu kikiwa kizito kinakwenda nayo. Kikiwa chepesi kinaachwa njiani. Mbegu inaachwa kidogo, kitanga kinapanda, mama anaongeza mbegu. Kesi imekwisha.

— Mbona wewe hujaachwa? Shangazi akamuuliza.

— Mimi nimekula.

Jaji alikuwa ameinamia mizani, pua karibu na kifuniko. Mara akarudi nyuma kwa ghafla.

— Zimeruka!

— Nini zimeruka?

— Mbegu! Njooni muone! Zimetoka kitangani zimeshika dari!

Tukasogea sote. Kweli, chini ya kifuniko zilikuwa zimeng'ang'ania mbegu za mchicha kama kumi na tano hivi, nyeusi, zimening'inia kama popo. Na kitanga chenyewe kilikuwa kimeinuka kidogo, kama mtu anayetaka kuchungulia dirishani.

— Sasa nimeelewa, akasema Jaji taratibu. Kazi ya mbegu ni nini? Kuota. Na kuota ni nini? Ni kwenda juu. Hizi zimeshindwa kusubiri udongo.

— Mbegu zina haraka?

— Za mchicha. Mchicha unakwenda juu. Weka karoti uone, haitaruka hata moja. Karoti inakwenda chini.

Nasema kweli, lilikuwa jaribio zuri. Nimewafundisha watoto wengi ambao hawakuwahi kubuni jaribio zuri namna ile. Mama Mbegu akaondoa mchicha, akamimina mbegu za karoti. Injinia akachukua ule mkono wa sweta.

— Ngoja kwanza nikisafishe, tuone vizuri.

Akakisugua kifuniko kama anavyong'arisha rimu ya mteja wa harusi, mbele na nyuma, mpaka jasho likamtoka. Akakirudisha. Tukakodoa macho. Mbegu za karoti zikatikisika, zikasimama wima, kisha zikaruka, moja, tatu, kundi zima.

Tukamgeukia Jaji.

— Basi hizo karoti hazijui kazi yao, akasema Jaji.

Mama Mbegu akacheka kidogo, kisha kicheko kikamgeuka njiani.

— Marehemu mume wangu alikuwa anapima kwa kijiko. Watu walinung'unika miaka yote, eti kijiko kina upendeleo. Alipofariki nikanunua mizani. Nikaweka kifuniko kinachoonyesha. Nikakifuta kila saa, ili mtu asije akasema siku moja kwamba nilimficha kitu. Sasa nimeambiwa mimi mdanganyifu kwa kuzidisha. Sijui nimuombe nani msamaha.

Shangazi akammiminia kikombe. Nikaona wakati wangu umefika.

— Jamani, nikasema. Huo ni umeme.

Waliangua kicheko mpaka mbwa aliyekuwa amelala chini ya benchi akahama.

— Umeme! Waya uko wapi, Mwalimu?

— Hauhitaji waya. Ni umeme tuli, unakaa mahali pamoja. Ukisugua plastiki kwa sufu, plastiki inachukua chaji kutoka kwenye sufu. Hewa ikiwa kavu kama ya siku hizi, chaji haina pa kukimbilia. Inabaki pale pale juu ya plastiki, inavuta mbegu juu, kitanga kinainuka, na mama anaongeza mbegu.

Injinia alikunja uso. Injinia huonekana mzaha mzaha, lakini ameishi miaka yote akitafuta mahali upepo unapotokea kwenye mpira, na jicho lake halipitwi na tundu.

— Sawa. Plastiki imesuguliwa, ina chaji. Mbegu je? Nani alizisugua?

— Hakuna.

— Kwa hiyo hazina chaji.

— Hazina. Yaani, zinazo, lakini…

— Zinazo au hazina?

— Zinazo za aina mbili. Chanya na hasi. Ziko sawasawa, kwa hiyo zinafutana, ni kama hazipo.

— Mwalimu, akasema Jaji, ushahidi wako unajipinga wenyewe. Kitu kisicho na kitu kinavutwaje?

Watoto hunitazama hivyo hivyo nikifika hapo. Na kwa watoto nimejifunza kwamba ukifika hapo, acha maneno, wasimamishe.

— Haya, nikasema. Kaeni benchini. Sisi ndio mbegu. Benchi zima ni mbegu moja. Nani anapenda kahawa?

Jaji na Injinia wakainua mikono.

— Nani haipendi?

— Mimi daktari amenikataza, akasema Redio. Hata harufu nimeichukia.

— Na mimi ni mtu wa chai. Kwa hiyo wapenzi wawili, wakimbizi wawili. Sawasawa. Tumechanganyika, Jaji huku, mimi hapa, Injinia, Redio. Mtu akilitazama benchi kwa mbali, atasema linapenda kahawa?

— Atasema halina msimamo, akasema Jaji.

— Ndiyo mbegu hiyo. Si kwamba ni tupu. Imetulia tu. Sasa Shangazi, chukua birika. Birika ndilo kifuniko kilichosuguliwa. Njoo nalo taratibu upande wa kushoto, lakini usituguse.

Shangazi akaja na birika likifuka moshi. Jaji na Injinia, bila hata kujijua, wakaanza kusogea kushoto, vikombe mbele. Redio akaziba pua akasukumana kuja kulia. Nami nikasogea kulia.

— Simameni hapo hapo! Angalieni! Kuna aliyeingia benchini?

— Hakuna.

— Kuna aliyetoka?

— Hakuna.

— Bado wawili kwa wawili?

— Bado.

— Lakini sasa upande ulio karibu na birika ni wa nani?

— Wa wapenzi, akasema Injinia polepole, na uso wake ukaanza kukunjuka. Na wakimbizi wako mbali. Wa mbali anasukumwa kidogo. Wa karibu anavutwa sana. Kwa hiyo… benchi zima…

— Benchi zima linavutwa! nikapaza sauti. Mmeona?

Na kwa furaha nikasimama.

Nilikwambia mwanzoni jinsi benchi lile lilivyo. Mimi si mwembamba, na Redio ni mwembamba. Nilipoinuka, upande wa kulia ukapaa, Redio akiwa juu yake kama jogoo juu ya ua, na upande wa kushoto ukateremka na Jaji na Injinia, moja kwa moja miguuni pa Shangazi. Vikombe vikaruka. Nusu ya birika ikamwagika vumbini.

— Mwalimu! Shangazi akafoka. Mbegu gani inaangusha watu?

Injinia alikuwa chini, akijipangusa suruali, lakini macho yake yalikuwa yanang'aa.

— Nimeelewa! Nimeelewa yote!

— Umeelewa nini? nikamuuliza kwa matumaini.

— Mbegu zinapenda kahawa.

Nikaanza kumsahihisha. Jaji alikuwa ameshainuka.

— Ni kweli. Zinaruka kwa sababu zinaisikia harufu ya birika toka asubuhi. Birika liko kushoto, mizani iko kulia, zinajaribu kutoka. Shangazi, zipelekee!

— Nizipelekee kahawa mbegu?

— Saa tisa kasoro dakika kumi, Shangazi! Mwenzio anapoteza meza!

Hilo la mwisho ndilo lililomwinua. Shangazi akalibeba birika mpaka kwa Mama Mbegu, akalifungua, akalisogeza chini ya ukingo wa kifuniko, na mvuke ukapanda ukakigusa. Kifuniko kikaingia ukungu. Tuliinama sote sita, vichwa vimegusana.

Mbegu zikaanza kudondoka. Moja. Tatu. Kisha zote, kama watu wanaoshuka garini. Kitanga kikateremka, kikatulia.

— Zimekunywa, akanong'ona Redio.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipofika, mizani yake ya jikoni kwapani, akakuta watu wazima sita wameuinamia mvuke wa kahawa juu ya mbegu za karoti.

— Mnafanya nini?

Mama Mbegu akakiondoa kifuniko, akakusanya mbegu za karoti, akamimina mchicha, akakirudisha kifuniko. Akapima gramu kumi mbele ya kila mtu, akazitia kwenye kipakiti, akampa. Mwenyekiti akakiweka juu ya mizani yake. Akaangalia. Akakitoa, akakiweka tena.

— Kumi, akasema. Kumi kamili.

Jaji akapiga goti lake kwa kiatu cha mteja.

— Mahakama imeona mizani ilikuwa na kiu. Mshtakiwa aachiwe.

Mama Mbegu alishika ukingo wa meza. Lakini Mwenyekiti hakutabasamu. Alikuwa amekuja na hasira yake tangu asubuhi, ameitembeza mtaa mzima, na hasira ikishatembezwa namna hiyo haikubali kurudi nyumbani mikono mitupu.

— Leo kumi. Na zile zilizozidi? Nani atanieleza kuhusu zile?

— Kweli, akasema Jaji, na ajabu yake, akageuka upande wa Mwenyekiti. Hilo halijajibiwa.

— Kwa kweli halijajibiwa, akasema Redio, naye akasogea.

Niliwatazama wakisogea. Dakika moja nyuma walikuwa upande wa Mama Mbegu, na hakuna aliyekuwa amewaambia lolote jipya.

Sasa, wakati huo wote alikuwa amesimama nyuma yetu mwanamke mgeni, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, mkanda umekatika. Alikuwa amekuja kwa Jaji kushonewa. Alikuwa amesubiri kwa adabu mpaka akachoka.

— Shikamooni wazee wangu. Samahanini. Naweza kuuliza?

— Uliza, binti, akasema Jaji.

Akamgeukia Mwenyekiti.

— Mama, zile zilizozidi ziko wapi sasa?

— Hizi za asubuhi bado ziko kwenye kipakiti, za juma lililopita nimezipanda. Ziko bustanini.

— Zimeota?

— Zimeota, akasema Mwenyekiti. Zimeota zote, ziko hapa.

Akainama, akaonyesha kwa kiganja, upana wa vidole viwili juu ya vumbi. Kiganja kikabaki hapo hapo hewani, kwa sababu yule mgeni alikuwa bado anamtazama, si kwa ubishi, kwa kutaka tu kujua.

— Basi aliyeibiwa ni nani?

Jaji akainua sindano yake kuhukumu, akaishusha. Injinia akaangalia mizani. Mwenyekiti akamtazama Mama Mbegu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumtazama yeye na si makopo yake. Shangazi akanyanyua birika ammiminie mtu yeyote. Akaliinamisha. Akaliinamisha zaidi. Lilitoka tone moja.

— Imekwisha, akasema. Mmezinywesha mbegu.

Mwenyekiti akavuta kigoda, akaketi.

— Dada yangu, akasema kwa sauti ya chini. Nipimie ishirini za kikundi. Na zile mbili zilizozidi zikate humo.

— Zile nimekupa.

— Sikupewa. Nilizibeba bila kujua, na wewe ulizitoa bila kujua. Zikate.

Mkono wa Mama Mbegu ukaenda wenyewe kwenye sweta, kama ulivyozoea. Nikamwambia taratibu:

— Usikisugue kifuniko kwa kitu kikavu, mama. Kitambaa chenye unyevunyevu kinatosha. Maji yanaiondoa ile chaji, kama mvuke ulivyofanya.

— Mwalimu bado anang'ang'ana na umeme, akasema Jaji, akipokea kandambili ya mgeni. Sote tumeona kwa macho yetu kwamba ni kahawa.

Mama Mbegu aliutazama ule mkono wa sweta, akaukunja, akampa Shangazi awe anashikia mpini wa birika la moto. Kisha akapima ishirini, kifuniko kikiwa na ukungu wake bado, kitanga kikakaa sawa, na zile gramu mbili akazikata kwa mizani ya Mwenyekiti.

Kesho yake Injinia alinijia peke yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama wale wakimbizi wa benchini walikuwa chaji au walikuwa Redio. Tulikaa nusu saa. Nadhani sasa amepata, ila kanisihi nisimwambie Jaji.

Nawe, ukisahau mengine yote, nakuomba ukumbuke hili moja. Mbegu iliyorukia kifuniko haikusuguliwa na mtu, wala haikuwa tupu. Ilikuwa na vya pande zote mbili, sawasawa, imetulia, mpaka kitu kilichosuguliwa kilipoinama juu yake.